Kitzmiller hakuzaliwa ndani ya boti ya James Bond

Mhariri,

Nimelinunua gazeti lako tangu enzi za wino unaobaki vidoleni na sijawahi kukuandikia. Mmewahi kuweka picha ya Pemba mkaandika Mafia, nikanyamaza. Mmewahi kumzika mtu aliye hai kwenye ukurasa wa tanzia, nikasema haya, ni binadamu. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu waigizaji weusi "waliofungua milango ya sinema duniani" imenishinda. Huwezi kuwa umeisahau. Mliipa ukurasa mzima, na picha ya Sidney Poitier mliyoweka ilikuwa kubwa kuliko ya Rais kwenye ukurasa wa mbele.

Ndani ya jedwali lenu, mahali pa saba, John Kitzmiller amepewa mstari mmoja: mvuvi aliyemsaidia James Bond katika Dr. No mwaka 1962, "hakufahamika kabla ya hapo". Mahali pa kwanza yupo Poitier, ametajwa kuwa mweusi wa kwanza kushinda tuzo kubwa ya kimataifa ya mwigizaji bora wa kiume, mwaka 1964.

Sina ugomvi na Poitier. Oscar ile ilikuwa haki yake, na hata kabla yake alikwishapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1958, jambo ambalo nalo mwandishi wenu hakuliona. Ila mwaka 1957, kwenye tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, aliyetangazwa mwigizaji bora wa kiume ni huyo huyo Kitzmiller wenu wa mahali pa saba. Alipewa kwa filamu ya Dolina miru, iliyotengenezwa Yugoslavia na mwongozaji France Štiglic, akiwa rubani wa Kimarekani anayedondoka vitani na kukutana na watoto wawili yatima, mvulana wa Kislovenia na msichana wa Kijerumani, wanaotafuta bonde lisilo na vita. Yaani miaka mitano kabla ya Bond kumwona, mtu huyu alikuwa ameshika tuzo ambayo Sean Connery hakuwahi kuinusa. "Hakufahamika kabla ya hapo." Hakufahamika na nani?

Basi nimweleze mwandishi wenu, maana hakujisumbua. Kitzmiller alizaliwa mwaka 1913 Battle Creek, jimbo la Michigan, akasomea uhandisi wa kemia. Vita Kuu ya Pili ilimfikisha Italia akiwa na sare ya jeshi la Marekani. Vita vikaisha, wenzake wakapanda meli, yeye akabaki. Sinema ya Italia wakati huo ilikuwa haina pa kulala: studio kubwa za Cinecittà pale Roma zilikuwa zimegeuzwa kambi ya wakimbizi, kwa hiyo waongozaji wakatoka na kamera barabarani na kuchukua sura walizozikuta. Baba wa kwenye filamu ya Ladri di biciclette ya 1948, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Na kwa kuwa kila muswada ulikuwa wa vita vilivyotoka kupita jana, kila muswada ulimtaka askari wa Kimarekani. Mwongozaji Rossellini alimtumia mwigizaji mweusi Dots Johnson katika kipande cha Napoli cha filamu ya Paisà, 1946. Mwaka uliofuata Luigi Zampa akamchukua Kitzmiller kwa ajili ya Vivere in pace.

Filamu hiyo niliiona Perugia miaka ya themanini, nilipokuwa najifunza Kitaliano, kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba wetu, naye akipiga pasi huku akinieleza kila kitu sekunde moja kabla hakijatokea. Aldo Fabrizi ni mkulima wa kijijini anayewaficha askari wawili wa Kimarekani waliotoroka mikononi mwa Wajerumani. Mmoja, Joe, ndiye Kitzmiller, tena ana jeraha. Usiku mmoja koplo wa Kijerumani anakuja nyumbani kutembea. Joe amefungiwa chini kwenye mapipa ya mvinyo, na huko chini anafanya kile ambacho mtu yeyote aliyefungiwa na mapipa ya mvinyo angefanya. Juu, mkulima anamnywesha Mjerumani ili asisikie kelele. Mwishowe Joe anauvunja mlango. Wanatazamana, Mmarekani na Mjerumani, wote wamelewa chakari, na familia nzima imeganda. Halafu wanakumbatiana. Wanatoka wakicheza mitaani, wanapiga kelele kwamba vita vimekwisha, na kijiji kizima kinaamini. Kitzmiller hapo anafanya kazi ngumu kuliko zote katika uigizaji, kulewa bila kuwa kichekesho. Mtazame macho anapoufikia mlango: hajui kama anakwenda kuua au kuuawa. Fabrizi, aliyekuwa nyota mkubwa, anasimama pembeni na kumwachia nafasi.

Mwaka 1948 akaja Senza pietà ya Alberto Lattuada. Hapo hakuwa wa pembeni tena. Ni Jerry, askari mweusi aliyejeruhiwa, anayeokolewa na msichana wa Kiitaliano, Angela, aliyeigizwa na Carla Del Poggio, na mapenzi yao yanapita katikati ya magendo na ukahaba wa Livorno, mji wa bandari uliojaa shehena za jeshi. Wakati huo Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili zilizopiga marufuku kabisa mapenzi ya mweusi na mweupe kwenye filamu. Poitier mwenyewe hapo alikuwa bado hajapata jina. Kule Italia, katika nchi iliyotoka kwenye ufashisti juzi tu, mhandisi wa Michigan ndiye alikuwa mhusika mkuu wa filamu nzima ya mapenzi, mpaka mwisho wake, lori linapotumbukia baharini. Mwandishi wenu anataka mlango gani mwingine?

Na hapa kuna jambo ambalo mngelijua mngeliweka kichwa cha habari. Kwenye filamu hiyo hiyo ya Senza pietà yumo dada mmoja mdogo mwenye macho ya mviringo, anacheza rafiki wa Angela. Ni Giulietta Masina, ndiyo kwanza anaanza sinema. Mwaka 1957 Cannes ilipompa Kitzmiller tuzo ya wanaume, tuzo ya wanawake alipewa Masina kwa Le notti di Cabiria. Watu wawili wa filamu moja ya Livorno, miaka tisa baadaye, jukwaa moja. Mmoja mnamwandika kila anapotajwa mumewe, mwongozaji Fellini, mwingine mnamwandika akiwa anasukuma boti.

Sasa nikueleze hasara niliyoipata kwa ajili yenu. Jumamosi iliyofuata kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na sherehe, na mshereheshaji aliandaa chemsha bongo, zawadi birika la umeme. Swali la mwisho: mwigizaji gani mweusi alikuwa wa kwanza kuwa mwigizaji bora katika tamasha la Cannes? Nilisimama. Nadhani nilisimama haraka kuliko inavyofaa umri wangu. Nikasema Kitzmiller, K-i-t-z, mwaka 1957, filamu ya Yugoslavia, nikataja na mwongozaji. Mshereheshaji akatoa mfukoni kipande cha gazeti lako, Mhariri, kimekunjwa mara nne, akakisoma mbele ya maikrofoni kwa sauti ya mchungaji: "Kitzmiller, mvuvi, Dr. No." Watu wakacheka. Nikasema gazeti limekosea. Wakacheka zaidi. Bwana mmoja ambaye mkopo wake nimewahi kuudhamini akasema, "Mzee, gazeti limeandika, wewe umeandika wapi?" Kijana wa meza ya nyuma akasema Sidney Poitier, ambaye Cannes hakuwahi kuipata tuzo hiyo, akapewa birika. Nilijaribu kueleza tofauti ya Oscar na Cannes, wakaongeza muziki. Mke wangu akanivuta shati. Nimefundisha shule za serikali maisha yangu yote, nimesahihisha mitihani ya taifa, na sijawahi kuona jibu sahihi likitiwa kosa kwa kutumia karatasi ya kufungia maandazi. Maana ndivyo kipande kile kilivyokuwa, kilikuwa na mafuta pembeni. Tangu siku hiyo wananiita "Mvuvi" kwenye kikundi cha simu, na mweka hazina hunitumia alama ya samaki kila ninapochelewesha marejesho.

Nisionekane nawatukuza Waitaliano. Nao walimchosha. Askari wa Kimarekani walipoondoka kwenye filamu, kazi zake zikapungua uzito: leo mpiga tarumbeta, kama Johnny wa Luci del varietà ya 1950, anayekutana na mwigizaji Peppino De Filippo barabarani usiku, kesho mtumishi, keshokutwa mwanajeshi tena. Alikuwa mzuri katika yote. Alikuwa na mwili mkubwa na upole ambao kamera iliuamini. Lakini waandishi wa miswada walikuwa na sare moja tu ya kumvalisha. Hata hiyo Dr. No mnayomheshimu kwayo, Bond anamwagiza Quarrel, ndiye huyo mvuvi wa Kitzmiller, amletee viatu, kisha Quarrel anachomwa moto na lile gari lililotengenezwa lifanane na joka, na safari inaendelea. Alifariki Roma Februari 1965, miaka 51 tu, na filamu yake ya Kijerumani ya Onkel Toms Hütte, aliyocheza Mzee Tom mwenyewe, ikatoka yeye akiwa hayupo.

Na sinema ile ya Italia ilikuwa na tabia nyingine, ya kumnyang'anya mtu sauti. Sauti ziliingizwa baadaye studioni, mara nyingi na watu wengine. Tiberio Murgia alikuwa Msardinia aliyeosha vyombo mgahawani Roma. Mwongozaji Monicelli akamfanya Msisilia katika I soliti ignoti ya 1958, sauti akaazima. Carlo Pisacane, Mnapoli, ndani ya filamu hiyo hiyo akawa mzee wa Bologna, sauti nayo ya mtu mwingine. Ila angalau majina yao yaliandikwa, tena mwanzoni, kabla ya kitu chochote, na watu wakakaa wakayasoma.

Kwetu je? Nimeshika rimoti, tamthilia inaisha, majina yanaanza kupanda, na kabla sijamaliza herufi ya pili ya jina la kwanza kinatokea kijana anayeruka sarakasi kwa kushinda mkeka wa mpira. Vituo vyote ni hivyo hivyo. Mkubwa wa picha tunamjua, sura yake ipo kwenye sabuni. Lakini yule mama aliyecheza mkunga, yule aliyecheza karani wa baraza la kata akamfanya nikumbuke karani halisi aliyenizungusha na hati ya kiwanja, hao wanamezwa. Ukiandika barua kituoni hujibiwi. Ukipiga simu unaambiwa majina "yanapunguza watazamaji". Na nyinyi ukurasa wenu wa burudani ni arusi za mastaa na talaka za mastaa, halafu arusi tena.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, chapeni sahihisho, si pale chini ya matokeo ya bahati nasibu ambako huwa mnaficha masahihisho, bali ukurasa ule ule, na 1957 ikae juu ya 1964. Nakala moja mpelekeeni mshereheshaji wetu. Birika abaki nalo kijana, nina jiko la mkaa. Pili, futeni safu ya utabiri wa nyota, ambayo wiki mbili mfululizo imewaambia Mashuke maneno yale yale, na mahali hapo mweke mistari sita kila Jumapili kuhusu mwigizaji mmoja ambaye hakuwa mkubwa wa picha. Mistari sita, bila picha. Wiki ya kwanza Kitzmiller, ya pili Murgia, ya tatu Pisacane.

Ya nne iwe ya kwetu. Yupo bwana mmoja mrefu, mwenye pengo, ambaye katika kila tamthilia nchini ndiye mjumbe wa nyumba kumi, na anagonga mlango kama mjumbe, si kama mwigizaji. Jina lake silijui, sijawahi kuachiwa nilisome. Litafuteni nyinyi, ndiyo kazi mnayolipwa.

Msomaji wa siku nyingi,
Tanga