Kompyuta za maabara zisitupwe kabla hazijafunguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa vyuo wanaotaka kuuza kompyuta zao kama chuma chakavu kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inazikataa. Programu huria zinaweza kuzirudisha kazini. Lakini mashine ya miaka 12 mara nyingi hulemewa na diski na RAM (kumbukumbu ya kazi) kuliko prosesa, na ukiiwekea Linux, mfumo huria unaoshika nafasi ya Windows, bila kugusa hivyo viwili itaendelea kutambaa vilevile.

Kazi ianze na bisibisi. Toeni vumbi, kagueni kapasita za mazabodi, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi kuu. Zikivimba kichwani, mashine hiyo iwe ya vipuri. Betri ya CR2032, ile ndogo ya kidonge inayotunza saa ya mashine, badilisheni kwenye kila mashine bila kujadiliana. Ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari kinakataa tovuti kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Wanafunzi watasema intaneti imekufa, fundi atahangaika na ruta siku nzima, kumbe tatizo ni kibetri cha volti 3.

RAM ya GB 2 inatosha kuandika barua, ila kurasa tano za kivinjari zikifunguliwa mashine inaganda. Lengeni GB 4. Mkiwa na mashine 20 za aina moja, kila moja ina kijiti kimoja cha GB 2 na nafasi ya pili iko wazi, tengenezeni 10 zinazofanya kazi. Kijiti cha RAM ya kizazi cha DDR2 hakiingii kwenye nafasi ya DDR3. Mkato wake uko mahali tofauti, msilazimishe. Kisha acheni Memtest86+, programu ya kupima RAM, ipime usiku kucha, maana RAM mbovu hujifanya kosa la programu.

Diski ya zamani ipimwe kwa smartctl, programu inayosoma afya ya diski. Namba ya Current_Pending_Sector, yaani sehemu za diski zinazoshukiwa kuwa mbovu, isipokuwa sifuri, msiiamini na kazi ya mwanafunzi. SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 120 inatosha kabisa, na kama fedha ni ya kununua kitu kimoja tu, nunueni hiyo.

Mfumo wenyewe ni sehemu rahisi: chagueni Linux ya aina ya Debian yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini, au Lubuntu. Hakikisheni tu prosesa ni ya biti 64. Prosesa ya Core 2 Duo inafaa. Atom N270 haifai, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32.

Mashine zisizo na diski ziwashwe kupitia mtandao kwa LTSP, programu huria ya kazi hiyo, seva moja ikihudumia chumba kizima. Wengi hudhani seva ndiyo inayofanya kazi yote. Kwa LTSP ya sasa, iliyoandikwa upya mwaka 2019, programu zinaendeshwa na prosesa na RAM ya mashine ya mwanafunzi, kwa hiyo GB 4 bado zinahitajika. Kinachobanwa ni waya wa seva: kwenye swichi ya megabiti 100 unapata takriban MB 12 kwa sekunde, na mashine 20 zikiwaka pamoja kila moja haifikishi hata MB 1. Seva ikae kwenye tundu la gigabiti, nayo na swichi ziwe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), kwani seva ikizimika chumba chote kimezimika. Na kila mkisajili wanafunzi wapya, endesheni kwenye seva amri ya ltsp initrd, inayopeleka orodha mpya ya watumiaji kwa mashine. Mkisahau, majina yao hayatatambuliwa na mtalaumu nywila.

Malalamiko ya kwanza yatakuwa juu ya LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka badala ya Microsoft Office, "kuharibu" ripoti. Mara nyingi ni fonti. Waraka wa Calibri ukikosa fonti hiyo, mistari inahama na kurasa zinaongezeka. Wekeni Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na Liberation kwa niaba ya Times New Roman na Arial.

Pale mtaala unapotaja AutoCAD (ya michoro ya kihandisi) au QuickBooks (ya uhasibu) kwa jina, msimdanganye mwanafunzi kwa mbadala wa karibu. Bakisheni mashine tatu nne zinazokubali Windows 11 kwa somo hilo, nyingine zote ziendelee na Linux.

Fundi wa maabara ya kompyuta,
Morogoro