Usiazime ugomvi wa wenyeji: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia umeshapata marafiki huko Eindhoven, Uholanzi, hata wamekununulia jezi ya rangi ya chungwa na kukukalisha katikati yao siku ya mechi. Aliyewahi kukaa ugenini bila mtu wa kumpa hata salamu anajua thamani ya jambo hilo. Lakini umeniambia pia kwamba wamekufundisha kuwapigia Wajerumani kelele warudishe baiskeli, na ulipopaza sauti kuliko wote wakakukumbatia, wakasema sasa umekuwa mwenzao. Hapo ndipo nilipoona nikuandikie.

Je, wamekueleza baiskeli zenyewe ni zipi? Ujerumani iliivamia Uholanzi Mei 1940 na kuikalia hadi Mei 1945, na katika miaka hiyo wanajeshi wake waliwanyang'anya raia baiskeli zao. Mholanzi anayedai baiskeli uwanjani anaweza kuwa anadai ya babu yake mzazi. Utani wake una kidonda ndani yake, na ana haki nao. Mimi na wewe hatukupoteza baiskeli yoyote.

Halafu mpira wenyewe ukaongeza chumvi. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1974 mjini Munich, Waholanzi walipata penalti kabla Mjerumani hata mmoja hajaugusa mpira. Neeskens akafunga, na wenzake wakaanza kuuzungusha mpira badala ya kutafuta bao la pili. Breitner akasawazisha, Gerd Müller akamaliza kazi, 2-1. Mwaka 1988 Waholanzi wakalipiza katika nusu fainali ya Ulaya palepale Ujerumani, mjini Hamburg, kwa bao la Van Basten la dakika za mwisho, na baada ya filimbi Ronald Koeman akajifanya anajipangusa makalio kwa jezi ya Mjerumani Olaf Thon. Mwaka 1990 mjini Milan, katika Kombe la Dunia, Rijkaard wa Uholanzi akamtemea mate Völler wa Ujerumani, wote wawili wakalimwa kadi nyekundu. Lakini miaka michache baadaye Rijkaard na Völler walitokea pamoja katika tangazo la siagi, wamevaa majoho ya kuogea, wanatabasamu. Ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime.

Mimi nimeishi upande wa pili wa mpaka, hapa Cologne, kwa hiyo nimesikia masimulizi ya pande zote mbili. Huku nimeambiwa Waholanzi ni wabahili, wana majivuno na midomo mirefu. Nilipokuwa nikija huko Uholanzi niliambiwa Wajerumani ni mashine, hawana ucheshi, wanajua amri tu. Wote huleta ushahidi wa mpira, na ushahidi huo hugeuka kila matokeo yanapogeuka. Ujerumani ilipoichapa Brazil 7-1 mwaka 2014, kila mtu alisema mashine ile, nidhamu ile ya Kijerumani. Mwaka 2018 na 2022 timu hiyohiyo ilitolewa hatua ya makundi, na sikusikia mtu akisema basi Wajerumani wamepoteza nidhamu kama taifa. Waholanzi nao husifiwa kwa soka la kupendeza, lakini katika fainali ya 2010 De Jong alimkita Xabi Alonso wa Uhispania teke la kifua, na Cruyff mwenyewe, gwiji wa soka la Uholanzi, aliwalaumu watu wake kwa mchezo ule. Tabia ya taifa haisomeki katika dakika 90, mwanangu. Na sikiliza watangazaji wanavyowasifu wachezaji weusi: nguvu, kasi, mapafu. Akili ya mchezo wanampa mwingine. Maneno hayo hayakomei uwanjani. Yanakuja mpaka kazini, na yatakukuta wewe.

Hapa Ujerumani nililiona jambo hili kwa macho yangu. Mesut Özil, mchezaji wa timu ya taifa mwenye asili ya Kituruki, alizaliwa Gelsenkirchen. Mwaka 2014, timu ilipotwaa kombe, mwenzangu mmoja kazini alikuwa akimwita "Mesut wetu". Mwaka 2018, asubuhi baada ya kufungwa na Korea Kusini, mtu huyohuyo alikuwa jikoni pale ofisini anamimina kahawa, akasema, "Yule Mturuki ametuangusha." Alilitamka bila hasira, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Ni kweli Özil alikuwa amepiga picha na Rais Erdoğan wa Uturuki wiki chache kabla, na mtu anaweza kumlaumu kwa hilo. Lakini mabao mawili ya Korea hayakufungwa na picha. Julai ile Özil aliacha timu ya taifa, akaeleza kwamba wakishinda anahesabiwa Mjerumani, wakishindwa anahesabiwa mhamiaji. Na Uingereza, mwaka 2021, Rashford, Sancho na Saka walipokosa penalti katika fainali ya Ulaya dhidi ya Italia, walitukanwa kwa rangi yao usiku uleule.

Sasa fikiria: kama aliyezaliwa pale na kulivalia jezi taifa anapimwa kwa matokeo, wewe uliyepewa jezi juzi utapimwa kwa nini? Wanaokukumbatia leo kwa kuwazomea wengine wamekupa nafasi yenye masharti.

Sikutishi. Lakini ujue pia habari ya Honduras na El Salvador. Juni 1969 zilikutana mara tatu kuwania kufuzu Kombe la Dunia, na Julai zikapigana vita kwa siku kadhaa. Vinaitwa vita vya mpira, jina lisilo la haki, maana mzizi wake ulikuwa ardhi. Wasalvador wapatao 300,000 walikuwa wakiishi Honduras, na serikali ya huko ilikuwa imeanza kuwaondoa mashambani. Joto la viwanjani lilipopanda, waliopigwa na kukimbia makazi yao ni wahamiaji hao, watu waliokuwa wakilima tu.

Kwa hiyo mechi na Ujerumani ikifika, vaa jezi yako na uishangilie Uholanzi mpaka sauti ikauke. Wamekupokea vizuri, nao wanastahili. Mimi nitakuwa huku naishangilia Ujerumani, na filimbi ya mwisho ikilia tutapigiana simu tutaniane, kwa kuwa utani wa mama na mwana haumuumizi mtu. Ila mtu akianza na "Wajerumani wote", muulize kwa upole ni Mjerumani yupi aliyemkosea. Na yule kijana wa Dortmund uliyesema hula peke yake wiki za mechi, mvutie kiti mezani kwenu. Marafiki zako wakiguna, waache wagune.

Niandikie jinsi ilivyokwenda.

Akupendaye,
Mama yako