Hasira ya riba iingie ndani ya mkataba

Ndugu Mhariri,

Malalamiko kuhusu riba yamejaa kila kona ya Dodoma, kuanzia kwa wafanyabiashara wa soko la Majengo na wanunuzi wa mahindi Kibaigwa hadi kwa walimu wanaokatwa mishahara. Tunayaunga mkono. Lakini kulalamika kwamba "riba ni kubwa" hakumbani mkopeshaji yeyote. Kinachombana ni kipengele cha mkataba kinachoeleza riba inapangwa na nani na kwa kigezo gani, na wengi wetu husaini bila kukisoma.

Tazameni LIBOR, riba ya London iliyotumika kwa miaka mingi kupanga bei ya mikopo duniani. Kila siku ya kazi, kundi la benki lilijibu swali moja: leo ungeweza kukopa kwa benki nyingine kwa riba gani? Kwa upande wa dola, kwa muda mrefu benki hizo zilikuwa 16. Majibu manne ya juu na manne ya chini yaliondolewa, na manane yaliyobaki yakatafutiwa wastani. Wengi waliamini kinga hiyo inatosha. Haikutosha, kwa sababu benki haikudaiwa ushahidi wa muamala wowote. Ilitoa kauli tu. Hata jibu lililoondolewa lilikuwa na nguvu: benki iliyokuwa katikati ikipandisha jibu lake mpaka likaingia kwenye manne ya juu, jibu jingine kubwa linarudi katikati na wastani unapanda. Na waliotoa majibu walikuwa waajiriwa wa benki zilezile zenye mikataba mikubwa iliyotegemea namba hiyo. Barua pepe zilizowekwa hadharani mwaka 2012 zilionyesha wafanyabiashara wa fedha wakiomba namba ipandishwe au ishushwe, na mmoja akiahidi shampeni kwa shukrani.

Namba ilisogezwa kwa sehemu za mia za asilimia moja. Nani angegundua? Lakini pigeni hesabu. Mwaka 2013 Serikali yetu ilikopa dola milioni 600 kwa LIBOR ya miezi sita na nyongeza ya asilimia 6. Kwa deni hilo, asilimia 0.01 ni dola 60,000 kwa mwaka. Hatusemi mkopo huo uliumizwa na udanganyifu wa LIBOR, maana ule uliothibitishwa ulikuwa wa miaka ya nyuma zaidi. Jeraha lake lilikuwa kwenye ada. Ada ya kuutafuta mkopo ilipandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4, na ile asilimia moja iliyoongezwa, yaani dola milioni 6, ikalipwa kwa kampuni ya hapa nchini. Waliogutuka ni wafanyakazi wa benki hapa hapa Tanzania, walipoona fedha zinatolewa taslimu kwa haraka. Novemba 2015, mahakamani London, Standard Bank, iliyoutafuta mkopo huo, ilikubali kulipa faini kwa kushindwa kuzuia rushwa, pamoja na fidia ya takriban dola milioni 7 kwa Serikali ya Tanzania, riba ikiwemo. Kwa hiyo mkopaji anayetazama riba pekee na kuruka ukurasa wa ada ameacha nusu ya kazi.

Na uwajibikaji je? Juni 2012 benki ya Barclays ilitozwa faini za takriban pauni milioni 290 kwa udanganyifu wa LIBOR, na mkuu wake, Bob Diamond, akajiuzulu mwezi uliofuata. Faini zilikwenda kwa mamlaka za Uingereza na Marekani, si kwa wakopaji. Tom Hayes, mfanyabiashara wa fedha aliyefungwa mwaka 2015 kwa kesi ya LIBOR, alifutiwa hatia na Mahakama ya Juu ya Uingereza Julai 2025, kwa kuwa baraza la wazee wa mahakama lilielekezwa vibaya na jaji kuhusu maana ya jibu la kweli. Kwa maoni yetu, huo ndio mwisho wa wajibu usioandikwa vizuri tangu mwanzo: miaka inapita, watu wanabishana kuhusu tafsiri, na aliyeumia hapati kitu.

Sasa turudi nyumbani. Mikataba mingi ya mikopo ina kipengele kinachompa mkopeshaji ruhusa ya kubadilisha riba "kadiri atakavyoona inafaa", akishamtaarifu mkopaji. Hapa hata yale majibu manane ya kutafutia wastani hayapo. Anaamua mmoja, na ndiye anayefaidika.

Dawa yake ni kutaja kigezo kinachotokana na jambo lililofanyika kweli na kutangazwa. Vipo viwili: riba ya dhamana za Serikali za siku 364, yaani mikopo ya muda mfupi ambayo Serikali huichukua kwa mnada na matokeo yake hutangazwa na Benki Kuu, au Riba ya Benki Kuu yenyewe, iliyoanza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5. Mkataba useme: kigezo hiki, nyongeza ya asilimia kadhaa isiyobadilika mpaka mwisho, mapitio kila baada ya miezi sita, na riba ishuke kigezo kinaposhuka kama inavyopanda kinapopanda. Julai 2025 Riba ya Benki Kuu ilishushwa kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Mwenye mkataba usiotaja kigezo hakuwa na pa kushika ili adai nafuu.

Jambo la pili ni namna riba inavyopigwa. Chukua mkopo wa shilingi milioni 5 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, rejesho ni takriban 458,400 kwa mwezi na riba yote ni kama 500,800. Ikipigwa kwenye mkopo wa awali mpaka mwisho, rejesho ni 491,667 na riba yote 900,000. Riba halisi hapo ni karibu asilimia 32. Ukikatwa mwanzoni ada ya asilimia 2 na bima ya asilimia 1, unapokea 4,850,000 na gharama halisi inafika karibu asilimia 38. Wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, ambao baadhi yao wananchi huwaita kausha damu, wamewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 42 kwa mwaka. Mkopo ulionadiwa kwa "18" umewakaribia.

Kugundua riba inapigwa kwa njia ipi ni rahisi. Kabla ya kusaini, omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa na utazame safu ya riba. Mwezi wa kwanza itasoma 75,000 kwa njia zote mbili. Mwezi wa 12, kwenye salio linalopungua, itasoma chini ya 7,000. Ikiwa bado ni 75,000, umeshajua. Ratiba wakikataa kuitoa, usisaini.

Mwenye lalamiko aliandike kwa mkopeshaji kwanza na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asiporidhika, alifikishe dawati la malalamiko la Benki Kuu akiambatisha mkataba, ratiba na taarifa ya akaunti iliyowekewa alama kwenye makato anayoyapinga. Lalamiko lisilo na karatasi hizo huzunguka tu. Anayeshuku kwamba wakopeshaji wamekubaliana bei, njia yake ni Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Ajue tu kwamba riba kufanana peke yake si ushahidi wa njama. Kinachotafutwa ni mawasiliano au makubaliano.

Benki Kuu ina makao makuu hapa Dodoma, na Bunge liko hapa. Tunaomba mambo mawili: kipengele cha "kadiri atakavyoona inafaa" kipigwe marufuku kwenye mikopo ya watu binafsi na wafanyabiashara wadogo, na ukurasa wa kwanza wa kila mkataba uonyeshe kwa Kiswahili fedha atakazopokea mkopaji mkononi, jumla atakayolipa, na gharama halisi kwa mwaka ikijumuisha ada na bima.

Wahasibu na maofisa mikopo wastaafu,
Dodoma