Jina la Manispaa lisikopeshwe gizani

Mhariri,

Tangu Mamlaka ya Maji Tanga ilipouza hatifungani yake, yaani karatasi za kukopa fedha kwa wananchi na taasisi kwa ahadi ya kurejesha na riba, mwaka 2024, hapa Mtwara mazungumzo hayaishi. Wapo wanaotaka Manispaa yetu ya Mtwara Mikindani nayo itoe hatifungani, ila fedha apewe mwekezaji binafsi ajenge kiwanda cha kubangua korosho, au hoteli huko Shangani. Viwanda navitaka. Kila msimu naumia nikiona korosho zetu zinapakiwa melini na maganda yake. Lakini mambo mawili yanachanganywa hapa.

Tanga walitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, wakapata zaidi ya walichoomba. Aliyekopa ndiye mwenye mabomba, ndiye anayekusanya ankara za maji, na ndiye atakayelipa. Mdaiwa anajulikana.

Hii ya pili, ya kumkopea mwekezaji kwa jina la mji, imezoeleka Marekani. Mji au wakala wa umma unatoa hatifungani kwa jina lake, lakini fedha zinapita tu kwenda kwa mwenye mradi: hospitali, kiwanda, nyumba za kupangisha. Yeye ndiye anayerejesha mtaji na riba. Akishindwa, mji haudaiwi, hasara ni ya walionunua karatasi. Faida yake ni riba nafuu, kwa kuwa kwa kawaida mnunuzi hakatwi kodi ya mapato ya serikali kuu kwenye riba hiyo. Maana yake kuna kodi ya wananchi iliyoachwa kwa ajili ya mradi wa mtu, ingawa kwenye bajeti ya mji huioni.

Wamarekani wenyewe walilazimika kuweka masharti. Sheria ya mwaka 1982 inadai mkutano wa hadhara na idhini ya viongozi wa kuchaguliwa. Ya 1986 ikaweka ukomo wa kila jimbo kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya hatifungani hizo. Na bado mwaka 2017 hatifungani za takribani dola bilioni 1.1 kwa ajili ya jengo la maduka na michezo la American Dream, lililoko New Jersey, zilitolewa na wakala wa Wisconsin, jimbo la mbali kabisa. Jengo lilifunguliwa Oktoba 2019, korona ikaingia, na mauzo hayakufikia makadirio.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha korosho kwa miaka mingi. Malipo ya mnada yakichelewa, mkulima hamtafuti mnunuzi, hata jina lake halijui. Anakuja kwangu, kwa sababu stakabadhi aliyoshika ina mhuri wa chama na sahihi yangu. Anakuja alfajiri, anakuja na mkewe, na ada ya shule haisubiri. Ukimweleza kwamba chama ni mpitishaji tu wa fedha, anakutazama kama mwizi. Manispaa nayo itafuatwa hivyo hivyo. Mjane wa Chikongola atakayeweka akiba yake humo atakuwa ameamini nembo ya halmashauri, si vitabu vya mwekezaji, na mwanasheria akimwambia kwamba mji haudaiwi hatapata usingizi.

Waheshimiwa madiwani, wazo hili likiletwa mezani, litangazwe kata kwa kata, Magomeni mpaka Mikindani, kabla ya kupitishwa. Mwekezaji aje mwenyewe aeleze atalipa kwa mapato gani na ameweka dhamana ipi. Ukurasa wa kwanza wa hatifungani uandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwamba Manispaa hailipi deni hili. Na akiomba jina letu kwa ajili ya kiwanda, mkataba useme korosho kiasi gani zitabanguliwa hapa hapa na ajira ngapi ni za watu wa hapa, na asipotimiza atalipa nini. Kwa hoteli, sioni kwa nini asiende benki kama wengine.

Karani mstaafu,
Chikongola, Mtwara