Fundi wa kiyoyozi naye apewe pa kusimama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limekuwa likituhatarisha mafundi wa viyoyozi kwa muda mrefu, nalo ni ufinyu wa mahali pa kusimama mbele ya mashine na swichi zake za umeme.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye jengo moja la ofisi hapa Dar es Salaam, ghorofa ya nne, ambako mashine sita za nje zimepangwa kwenye kibaraza kisichofika sentimita 60 kwa upana. Swichi ya kuzimia mashine ya mwisho imefungwa ukutani, nyuma ya mashine yenyewe. Ili kuifikia nilipenya kiubavu, kifua kikigusa bati na mgongo ukigusa zege, shati limelowa jasho, kisha nikaipapasa kwa vidole bila kuiona. Ndani, mbele ya bodi ya umeme ya ghorofa hiyo, palikuwa na madebe ya rangi na ndoo za kudekia.

Wenye majengo hutuambia tuzime umeme kwanza, kwamba tukishazima hatuhitaji nafasi kubwa. Lakini hitilafu nyingi za kiyoyozi hazijitokezi mashine ikiwa imezimwa: volti za kwenye kontakta (swichi ya ndani inayowasha na kuzima mashine) na ampea, yaani kiasi cha umeme, zinazovutwa na kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) hupimwa mashine ikifanya kazi, kifuniko kikiwa wazi, na hata baada ya kuzima, kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme ndani ya mashine, inaweza kubaki na chaji. Mtu akirushwa na umeme, mwili hujitupa wenyewe kabla hajafikiri, na palipobanana hujitupa kwenye ukuta au kwenye chuma kilekile alichokuwa akikikimbia.

Kanuni ya umeme ya Marekani, NFPA 70, ambayo hupitiwa upya kila baada ya miaka 3, imeliwekea jambo hili vipimo katika kifungu cha 110.26. Mbele ya kifaa kinachoweza kuhitaji kuchunguzwa au kutengenezwa kikiwa na umeme, nafasi iwe na upana usiopungua sentimita 76 na kimo cha takriban mita 2, mlango wa kifaa ufunguke nyuzi 90, na pasigeuzwe stoo. Umbali wa kutoka kwenye kifaa kuja nyuma hutegemea volti kati ya waya wa moto na ardhi: hadi volti 150 ni sentimita 91, na zikizidi hapo, huku fundi akiwa ameupa mgongo ukuta wa zege, ni sentimita 107, kwa kuwa zege huhesabiwa kuwa limeungana na ardhi. Toleo la 2023 lilitamka wazi, katika kifungu cha 440.14, kwamba swichi ya kuzimia kiyoyozi nayo ipewe nafasi hiyo.

Nyumba nyingi za Marekani zina volti 120 kati ya waya wa moto na ardhi. Sisi tuna 230, na kuta zetu ni za zege na tofali. Kwa hiyo kipimo kilicho kikali zaidi ndicho kinachotuhusu. Kanuni za Uingereza, BS 7671, nazo zinataka vifaa vifikike kwa ukaguzi na matengenezo, ila kwa maneno ya jumla ambayo mjenzi anayebana eneo huyakwepa kirahisi.

Ninaomba wanaokagua michoro katika halmashauri zetu wasitoe kibali cha ujenzi mpaka mchoro uonyeshe mashine za nje zitakaa wapi, swichi zake zitafungwa wapi, na fundi atasimama kwenye sentimita ngapi. Kusogeza swichi kwenye karatasi ni kazi ya kalamu; zege likishamwagwa ni kazi ya nyundo na fedha.

Katika jengo nililolitaja, nilimwomba msimamizi swichi ile ihamishiwe penye mlango wa kibaraza. Kebo inayohitajika haizidi mita 9. Bado nasubiri jibu, na juzi nimepigiwa simu kwamba mashine ileile ya mwisho imeanza tena kujizima.

Fundi wa viyoyozi,
Temeke, Dar es Salaam