Barua kwa Zainabu, kuhusu fomu ya Salimu

Mwanangu Zainabu,

Sisi huku hatujambo. Baba yako mguu umepungua uvimbe na ameshaanza tena kwenda barazani, kwa hiyo nyumba imepoa. Picha za fomu ya kukubali mwanao Salimu aingie kwenye utafiti wa dawa za kuzuia malaria nimezipata, nimezikuza kwenye simu mpaka nikazisoma zote, hata ule ukurasa wa nne ulioupiga umejikunja.

Shangazi yako anasema chuo kikuu kinataka kumfanyia mjukuu wangu Salimu majaribio. Wewe kinachokukera ni pale walipoandika kwamba kati ya zile dawa mbili za kuzuia malaria, atakayopewa itaamuliwa na kompyuta, kwa bahati nasibu. Umeniuliza, daktari gani huyo asiyejua dawa ya kumpa mgonjwa wake?

Wapo wengi, mwanangu. Tofauti ni kwamba wengi hawasemi.

Mwaka 2011, nikiwa bado kazini, yalitoka matokeo ya utafiti uliotugombanisha wodini wiki nzima. Uliitwa FEAST. Aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland wa Imperial College London, ambaye kazi yake huifanyia Kilifi, Kenya, akishirikiana na Profesa Sarah Kiguli wa Makerere na madaktari wa hospitali sita: nne za Uganda, ya Kilifi, na Teule hapa Muheza. Walikuwa wanamtazama mtoto mwenye homa kali aliyeingia kwenye shoki, yaani damu haizunguki vizuri mwilini. Unamjua mtoto huyo hata bila mashine: viganja na nyayo za baridi wakati tumbo linachoma, anahema kwa shida au amezimia, ukimbonyeza kucha ikawa nyeupe, wekundu unachelewa kurudi. Vitabu vilisema mtoto huyo apigwe maji ya dripu, mengi na kwa haraka. Ulaya na Marekani ndivyo walivyokuwa wakifanya. Kwetu hospitali nyingi hazikufanya hivyo, na wengi tuliamini ni umaskini tu unaotuzuia.

Watoto zaidi ya 3,100 wakagawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wa pili maji ya albumini, protini ya damu, kwa haraka, wa tatu wakaachwa na dripu ya kawaida ya polepole. Antibiotiki, dawa ya malaria na oksijeni hazikubagua kundi. Waliokuwa wanaharisha hawakuingizwa kabisa, maana kwao faida ya maji ilishajulikana, na huwezi kumpigia mtu kura juu ya jambo unalolijua. Kundi la mtoto liliamuliwa na bahasha iliyofungwa, inayofunguliwa kwa mpangilio wa namba. Daktari hakuchagua, muuguzi hakuchagua.

Hapo ndipo penye swali lako. Daktari akiachiwa achague, moyo wake utampeleka kumpa maji yule anayemwona yuko hoi. Mwisho wa siku waliopewa maji watakuwa ndio wagonjwa zaidi, na wakifa hutajua wameuawa na nini, maji au ugonjwa. Kura inawachanganya wote sawasawa, walio hoi na wenye nafuu, wa mjini na wa shamba, ili tofauti itakayobaki baina ya makundi iwe ni ile dawa.

Matokeo? Katika saa 48 za mwanzo, waliopigwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Wale wa dripu ya polepole walikufa 7. Yaani tiba iliyokuwa vitabuni ndiyo iliyokuwa inaongeza vifo kwa watoto wa aina ile.

Na jambo lililonikosesha usingizi mimi ni hili: waliopewa maji ndio walioonekana kupata nafuu mapema. Saa moja baadaye wengi wao dalili za shoki zilikuwa zimepungua kuliko wenzao. Muuguzi yeyote aliyesimama pale kitandani angeapa kwamba maji yanasaidia. Nisingemlaumu, kwani wodini hakuna anayeweza kuona kwa macho tofauti ya watatu katika mia moja; mtoto mmoja anakufa Jumatatu, mwingine Ijumaa, zamu zinabadilika, unasema Mungu amempenda zaidi. Mpaka ahesabu mtu.

Waliohesabu ni kamati huru, watu wasiotibu watoto wale, kazi yao kuangalia takwimu utafiti ukiendelea. Januari 2011 wakasema basi, simamisheni kuingiza watoto, ingawa idadi iliyopangwa ilikuwa haijatimia. Kwa hiyo ukiuliza swali moja tu hapo kliniki, uliza kamati ya namna hiyo ipo na inakutana lini. Wakibabaika, rudi nyumbani na mwanao.

Sasa turudi kwa Salimu. Nilivyosoma, dawa zote mbili zinatumika tayari, wanachotaka kujua ni ipi inawakinga vizuri zaidi watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi alionao Salimu. Hakuna kundi la kuachwa bila kinga. Ingekuwa kuna kundi la vidonge visivyo na dawa ndani, ningekuwa na maneno mengine. Kwamba hutaambiwa anameza ipi, na daktari wake pia haambiwi, ni ili mtu akijua asianze kuona nafuu anayotamani kuiona. Wenye siri wapo, na mtoto akizidiwa inafunguliwa.

Shangazi yako mwambie majaribio yapo, hajakosea. Ila Salimu akimeza dawa ambayo hakuna aliyeilinganisha na nyingine, hayo nayo ni majaribio, tena yasiyo na daftari.

Fomu yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, hilo nimelipenda. Angalia kama imetaja kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwa kuwa ni utafiti wa dawa, cha TMDA pia, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ile namba ya simu ya kamati ya maadili ipigie kabla ya kusaini, uone kama kuna anayepokea. Wameandika utarudishiwa nauli. Hayo si malipo, usiyafanyie hesabu. Mahali nisipoparidhia ni ukurasa wa nne: wanasema damu itakayobaki itahifadhiwa kwa tafiti za baadaye. Tafiti gani, itakaa wapi, itatoka nje ya nchi? Hiyo ina kisanduku chake peke yake, na unaweza kukataa hilo ukakubali utafiti. Wengi hawajui, wanatia tiki zote kwa pamoja ili wawahi daladala.

Na usione haya kujitoa. Hata mkiwa mmefika mwezi wa tatu wa utafiti, ukisema nimeacha, umeacha, na kliniki yake ya kawaida inaendelea palepale. Ikiwa yeyote atakwambia ukijitoa hatapewa folik asidi yake, niambie mimi, nitapanda basi la asubuhi.

Mimi ningesaini. Lakini si mimi nitakayeomba ruhusa kazini kila mwezi kumpeleka kutolewa damu, kwa hiyo zungumza na mumeo kwanza. Na Salimu mwenyewe mkalishe umweleze. Miaka tisa si mdogo, na sindano ni za mkono wake.

Halafu waulize matokeo mtapewaje ninyi wazazi, utafiti ukiisha. Wakishachukua damu ya mtu miaka miwili, wajue kurudi kumwambia walichokiona. Majibu yao niandikie.

Mama yako,
Tanga