Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtoto akiumia jino apewe tarehe ya kurudi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mi ni tabibu wa meno huku mkoani, nakuandikia kuhusu hawa watoto wanaoanguka shuleni au kwenye bodaboda wakaumia meno ya mbele, yale ya ukubwani.

Siku ya ajali huduma wanapata, jino linarudishwa, linafungwa waya, anapewa panado, halafu mzazi anaambiwa likiuma mlete. Hapo ndo tunapowapoteza, maana mzizi ukianza kuliwa hauumi. Mtoto anatafuna mahindi ya kuchoma kama kawaida huku mzizi unaisha.

Kuna mvulana wa darasa la tatu aliletwa kwangu jino linacheza. Kwa nje zuri tu, jeupe, ufizi hauna shida. Ikabidi nimtume mjini akapige eksirei, picha iliporudi mzizi ulikuwa umebaki kipande, pembeni mashimo mashimo kama umeng'atwa na panya. Mama yake anasema walijua limepona kwa sababu mtoto hakuwahi kulalamika, na mimi simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia arudi.

Kinachotokea ni kwamba jino likigongwa sana kiini cha ndani kinakufa, bakteria wanaingia, sumu yao inapenya mpaka nje ya mzizi na mwili wenyewe unaanza kuula. Kwa mtoto inaenda mbio, miezi michache tu mzizi umekwisha, ila kwenye eksirei inaweza kuonekana ndani ya wiki chache na ukiwahi kusafisha ndani ya mzizi na kuweka dawa mara nyingi inasimama, jino linabaki. Ipo aina nyingine ya mzizi kuliwa, ambayo jino linagandana na mfupa, ukiligonga na mpini wa kioo cha meno linalia kama chuma, na mtoto akikua linaonekana fupi kuliko wenzake. Hiyo kuisimamisha hatuwezi, lakini ukiijua mapema unapanga.

Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unasema jino lililong'oka likarudishwa liangaliwe wiki 2, mwezi, miezi 3, miezi 6, mwaka, halafu kila mwaka mpaka angalau miaka 5, kila mara na picha. Sisi tunasema likiuma!

Kwa hiyo Mheshimiwa naomba kadi ya jino, kama ile ya kliniki ya watoto, yenye tarehe ya ajali, jino gani, na tarehe za kurudi zimeshaandikwa kabla mzazi hajatoka mlangoni. Na picha za marudio mzazi asilipie, maana hakuna atakayetoa nauli na hela ya eksirei kwa jino lisilouma.

Mashine ndogo ya eksirei ya meno kila hospitali ya wilaya najua ni hela nyingi, inaweza kusubiri bajeti. Kadi ni karatasi tu, waraka wako mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa unatosha tuanze mwezi huu.